Daktari Alisema Ua

Milembe alinipigia simu nikiwa nachambua maharage kibarazani kwangu, Iringa. Hakuzunguka. "Dada Sekela, baba anakuita. Anasema ana swali la kukuuliza, na sisi wanawe hataki kutuambia ni swali gani." Nikamuuliza kama mzee anaumwa. Akasema haumwi, amechoka tu, macho yamekwisha na chakula anaonja kama mtoto, lakini kila akiamka anauliza kama yule wa maabara amefika. Yule wa maabara ni mimi. Jina langu Mzee Masanja hakuwahi kulishika, ingawa amenijua tangu mwaka wa unga wa njano, mwaka ambao binti yake wa kwanza, Kabula, alikuwa mwenzangu wa chumba kule Mbeya. Mwaka huo sijawahi kuusimulia wote kwa mtu yeyote. Si kwamba ni siri. Kila nikiufikia, kitu ndani yangu kinakufa ganzi, na mtu mwenye ganzi hana cha kusimulia. Nilikata simu nikaendelea na maharage yangu mpaka yakaisha, nikayaosha, nikayabandika jikoni, ndipo nikaenda kutafuta begi.

Chumba chetu kilikuwa cha mwisho katika bweni la wanafunzi wa hospitali, upande unaotazama mlima Loleza. Vitanda viwili, meza moja, na jiko la mafuta ya taa ambalo hatukuruhusiwa kuwa nalo na ambalo Matroni alijua tunalo. Asubuhi za baridi dirisha lilitoa jasho kwa ndani na Kabula alichora ng'ombe juu ya kioo kwa kidole. Mvua zilikuwa zimekataa, serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka nje, na ugali wake ulikuwa na rangi ya kupendeza na ladha ya gunia. Mimi, mtoto wa migombani Rungwe, niliulalamikia kila siku. Kabula, aliyekulia kwenye maziwa na mchele wa Usangu, aliula amefumba macho akisema anakula wali. Wazazi wake walikuwa wamehama Usukumani na mifugo yao akiwa mdogo, wakatua karibu na Rujewa, na pamoja na mifugo walihama na adabu zao zote. Kabula hakupokea kitu kwa mkono mmoja. Ukimpa chumvi, ukimpa kiberiti, alikipokea kwa mikono miwili na kukunja magoti kidogo. Hata maabara alikuwa hivyo hivyo, mpaka mwalimu wetu akamwambia, "Kabula, hiyo ni chupa ya mkojo, si mahari." Tulicheka wiki nzima. Nakumbuka kucheka kwenyewe, lakini hisia yake siipati tena, ninajua tu kwamba ilikuwepo.

Wanafunzi wa maabara wa wakati ule tulijifunza kwa damu zetu wenyewe. Hakuna mgonjwa aliyetakiwa kuchomwa ovyo ili sisi tupate mazoezi, kwa hiyo jozi kwa jozi tulichomana vidole, tukapaka damu kwenye vioo, tukaipaka rangi na kuhesabu chembe. Damu ya Kabula niliijua kama ninavyojua mwandiko wa mtu. Ndiyo maana siku ile nilipoinama kwenye hadubini na kuona uwanja mzima umejaa chembe nyeupe, kubwa, za buluu kwa ile rangi tuliyozipaka, zimebanana bila nafasi, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimechanganya vioo. La pili, kwamba rangi imechacha. Nikamchoma upya, kidole kingine, nikachukua rangi mpya. Zilikuwa vilevile. Kabula akanisukuma kwa bega. "Hebu." Akatazama muda mrefu, mkono wake ukizungusha kirekebishi taratibu kama tulivyofundishwa. Kisha akauliza, "Hii ni ya nani?" Akatazama kidole chake chenye pamba, akasema, "Ala." Basi. Hakulia, nami sikulia. Tuliosha vioo, tukafunika hadubini, tukaenda kula. Uchovu aliokuwa akiulalamikia, michubuko mapajani, kikohozi ambacho wenzetu walisema ni baridi ya Mbeya, vyote vilikaa pamoja nasi mezani na hakuna aliyevitaja.

Alilazwa wodi ya wanawake, na daktari wake akawa Daktari Ngailo, kijana wa Njombe aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Alikuwa na suruali pana miguuni na tabia ya kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa, jambo lililomkera Matroni. Kabula alimwambia wazi kwamba jina la ugonjwa, kansa ya damu, analijua, anachotaka ni kujua unavyofanya kazi. Daktari akamtazama, akaona hamwezi. Akachora duara nyuma ya bahasha ya picha ya eksirei.

"Chembe haina macho wala masikio," alisema. "Habari zote inazipata ngozini. Huku juu ya ngozi kuna vitu vidogo sana, kila kimoja kinashika kilicho chake tu, kingine kinakiacha kipite. Wazungu wanaviita risepta. Kiswahili chake sijakisikia bado."

"Si mikono ya kupokelea?" akasema Kabula.

"Haya, tuseme vipokezi."

"Vinapokea nini?"

"Amri. Kua. Gawanyika. Sasa acha, pumzika. Chembe nzima ikishapokea ya kutosha inatulia. Za kwako hazitulii. Wenzetu kule wameanza kudhani kwamba chembe za namna hii zina vipokezi vingi mno, au vilivyoharibika, vinaendelea kupokea amri ya kukua hata kama hakuna aliyeitoa. Lakini ni kudhani tu. Hakuna anayejua vizuri."

Kabula aliitazama ile bahasha. Kwao, alituambia, mgeni akishiba maziwa hasemi neno, anafunika kibuyu kwa kiganja, na mwenyeji anaelewa: asante, inatosha. "Kwa hiyo hizi zangu hazikufundishwa kufunika kibuyu," akasema. Daktari akasema hivyo ndivyo, hazikufundishwa. Siku hizi kuna dawa zinazoviziba vipokezi vyenyewe, nimeona picha zake ukutani kwenye semina kabla sijastaafu, kijana mmoja akizionyesha kwa fimbo ya mwanga. Nilikaa safu ya nyuma nikiandika kila alichosema. Moyoni sikusikia kitu.

Dawa za vidonge tulikuwa nazo. Iliyokosekana ni ya sindano, ambayo ilipaswa kuombwa Dar es Salaam na haikutolewa kwa kubahatisha: daktari alitakiwa aeleze ni aina gani ya chembe. Ngailo alijua njia moja ya kupima bila mashine kubwa. Kuna chembe nyeupe, alisema, zenye kipokezi kinachoshika chembe nyekundu za kondoo. Kabula akadhani anataniwa. Za kondoo? Za kondoo. Si za mbuzi, si za ng'ombe? Za kondoo, na hakuna anayejua kwa nini. Unachanganya damu hizo mbili, unaziacha kwenye ubaridi, na kama kipokezi kipo, chembe za kondoo zinakuja kuikumbatia chembe ya mtu pande zote. Kabula akafurahi ajabu. "Mimi nimezaliwa zizini," akasema. "Zangu zingeshika nini kingine?" Akaagiza kwa dereva wa lori la mpunga: baba aje, na kondoo mmoja mzima.

Mzee Masanja alishushwa Uyole na lile lori, akatembea hadi hospitali akimvuta kondoo kwa kamba. Mtu mrefu, blanketi begani, kisu cha ala ya ngozi kiunoni. Kiswahili chake alikiokota ukubwani, mnadani na barabarani, na alikitumia kwa uangalifu. Alisimama miguuni pa kitanda cha mwanawe akamsalimu kwa Kisukuma, wakaongea kidogo, kisha akatoka nje na hakujua la kufanya na mikono yake. Daktari alipomnyonya kondoo damu kidogo shingoni kwa bomba la sindano na kumrudisha kwenye kamba mzima mzima, mzee alishangaa. Kwake, kondoo anayeletwa kwa mgonjwa haendi nyumbani. Alimfunga uani, chini ya dirisha la maabara, akakaa naye. Kila nilipopita aliniuliza.

"Mwanangu, hii kondoo inangoja nini?"

"Tunamngoja Daktari, Baba. Daktari atasema."

"Akisema, mimi niko hapa."

Tuliiacha damu ya Kabula itulie, tukanyonya utando mweupe uliojitenga katikati, tukauosha, tukauchanganya na chembe za kondoo na kuweka kwenye friji. Kesho yake asubuhi Daktari Ngailo alikaa kwenye hadubini mwenyewe. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya harufu ya dawa. Alitazama muda mrefu, akisogeza kioo taratibu, na mimi nimesimama nyuma yake nikihesabu vigae vya ukuta. Kisha akapaza sauti kama mtu aliyeona ndugu yake stendi.

"Ua!"

Akasogeza kioo kidogo. "Ua!"

Akaniachia kiti. Kweli lilikuwa ua. Katikati chembe ya Kabula, ya mviringo, imetulia, na pande zote chembe nyekundu za kondoo zimejipanga, zimegandana nayo kama petali. Pembeni yake jingine hivyo hivyo. Nilivuta pumzi kuliangalia. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona mwaka ule, na kilikuwa ndani ya ugonjwa wenyewe. Nilipoinua kichwa, Mzee Masanja alikuwa amesimama dirishani, anafuta kisu kwa jani la mgomba.

"Tayari," alisema. "Daktari amesema."

Kiswahili kina maneno mengi, ila hapo kilibana matumizi. Ua la bustani, ua wa nyumba, na ua lile la kisu, yote yakapewa neno moja, na aliyejifunza lugha ukubwani aachwe ajitafutie. Tulikwenda wodini kumwambia Kabula, na Kabula alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, muuguzi akaja mbio, akamfukuza muuguzi kwa mkono akaendelea kucheka, machozi yanamtoka. Alipotulia alisema, "Msimwambie."

"Lazima ajue," Daktari akasema. "Kondoo wake amekufa bure."

"Daktari, nakuomba. Na wewe Sekela. Tangu afike, baba anazunguka hapo nje hana kazi. Sasa amefanya kitu. Mwacheni nacho."

Tukamwachia. Nyama ilipikwa jiko la wagonjwa na wodi nzima ikanywa mchuzi. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Matroni akimwambia mtu, "Tulianza na jiko la mafuta ya taa, sasa tuna machinjio," na bado sahani yake ilirudi imelambwa. Kabula alipokea bakuli kutoka kwa baba yake kwa mikono miwili. Mzee alikaa akimwangalia anavyokunywa, na kwa mara ya kwanza tangu afike mikono yake ilitulia magotini.

Dawa ya sindano ilikuja, na Kabula akapata nafuu. Uso ulimvimba kwa vidonge na nywele zikawa chache, lakini alirudi chumbani kwetu, akachora ng'ombe wake dirishani. Mzee alirudi Rujewa kwa furaha, na Milembe, aliyekuwa mdogo wakati ule, ameniambia kwamba kijiji kizima kilisikia habari za daktari wa Mbeya anayejua kazi. Tulikuwa na majuma kadhaa ya namna hiyo. Tulikaanga viazi vya Uporoto kwa mafuta yaliyokwishatumika mara nyingi, na Kabula akaahidi kwamba tukimaliza masomo atanipeleka Usangu nikaone mchele ukivunwa. Kisha kikohozi kikarudi. Nilimchoma kidole mimi mwenyewe, kwa sababu alikataa mtu mwingine. Zilikuwa zimerudi zote. Alipoona uso wangu alisema, "Zimekataa kufunika kibuyu, eh?" Nikasema ndiyo.

Alifariki mchana, mimi nikiwa maabara. Muuguzi alikuja mlangoni akaniambia, nikamwambia nimesikia, nikamaliza kioo kilichokuwa kwenye hadubini kwa sababu kilikuwa cha mgonjwa mwingine anayengoja. Halafu ilikuwa saa ya chakula, nikaenda, nikala ugali wa njano wote, na mboga yote, nikaomba na wa Kabula. Sijui nilichokuwa nafanya. Mpishi alinipa. Habari kwamba hali imekuwa mbaya zilikuwa zimeshapelekwa Rujewa, na Mzee Masanja aliwasili jioni ile, amechelewa, anamvuta kondoo mwingine kwa kamba. Jike. Tulidhani amemleta kwa ajili ya msiba. Alipoambiwa, alikaa chini pale getini, ameshika kamba, na hakuna aliyeweza kumnyanyua mpaka alipotaka mwenyewe. Walimpeleka Kabula kwao kwenye lori la mpunga. Yule kondoo jike alirudi nao, mzima.

Nilimaliza masomo. Nilifanya kazi maabara za Mbeya na baadaye Iringa maisha yangu yote, niliolewa, nilizaa, nilizika. Mchele ukivunwa sikuwahi kwenda kuuona. Watu walinisifu kwamba sina papara, hata matokeo mabaya nayasoma bila kubadilika uso. Nilichukua sifa hiyo. Sikuwaambia kwamba si utulivu.

Basi nilipanda basi la asubuhi, nikashuka njia panda ya Rujewa, Milembe akanipokea begi. Mzee alikuwa kwenye kiti cha kamba mlangoni, amekuwa mwembamba, blanketi lile lile au la ukoo wake begani. "Yule wa maabara," Milembe akamwambia sikioni. Akanyoosha mikono yote miwili hewani akitafuta wa kwangu, nikampa. Milembe akaleta maziwa, kibuyu cha mzee na kikombe changu. Mzee hakuanza kwa salamu ndefu.

"Daktari alisema ua. Wewe ulikuwa ndani. Alisema mara ngapi?"

Sikuelewa swali linakoelekea. "Mara mbili, Baba."

"Mara mbili." Alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa anachokijua. "Mimi nilikuwa na kondoo mmoja. Nikachinja mmoja. Mtoto akapona nusu." Akavuta blanketi begani. "Wa pili nilikuwa naye nyumbani. Alikuwa na mimba. Nikamwonea huruma, nikasema azae kwanza. Nilipomleta mlikuwa mmeshamfunika mtoto."

Milembe alisimama na sinia mkononi. Hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Mimi nilikuwa nikiisikia sauti ya Kabula: msimwambie, mwacheni nacho. Alifikiri anamwachia baba yake zawadi. Hakujua, wala sisi hatukujua, kwamba Daktari alisema mara mbili na mzee alihesabu. Nilisikia kitu kinauma kifuani, kikali, kama mguu uliokaliwa muda mrefu damu inapourudia, nikajua ganzi inatoka.

"Baba," nilisema, "Daktari hakusema uchinje. Hakusema kabisa. Alikuwa anatazama damu ya Kabula kwenye hadubini, akaona ua. Ua la kunusa, la bustanini. Alifurahi, akaita. Kondoo alitakiwa damu kidogo tu, na ile alishaitoa. Hakukuwa na wa pili."

Alinigeuzia sikio. Milembe akapiga magoti akamwambia kwa Kisukuma, na ua kwa Kisukuma ni neno jingine kabisa, halifanani na kuchinja hata kwa mbali. Akamwambia tena. Nikaogopa kwamba nimemnyang'anya mzee kitu cha mwisho alichokuwa nacho.

"Ua," akasema.

"Ua, Baba."

"Likoje?"

"Katikati ni ya Kabula. Pembeni, kuzunguka pande zote, ni za kondoo wako. Zimemshika."

"Zilimpokea."

"Zilimpokea. Ni zuri sana, Baba. Mpaka leo sijaona zuri kama lile." Hapo nililia, kwa sauti, mzee mwenzake mimi, mbele ya Milembe na jirani aliyekuwa anapita na baiskeli, na sikutaka kunyamaza.

Alingoja nimalize. "Kwa hiyo wa pili sikumnyima," alisema, taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha uangalifu.

"Hukumnyima, Baba. Hukumnyima kitu."

Milembe akainama kumwongezea maziwa. Mzee Masanja akapapasa mpaka akakipata kibuyu, akakifunika kwa kiganja.